Lithiamu inakimbia, mbona haidrojeni haitoki?

SWALI: "Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu lithiamu borohaidraidi, LiBH4, kama kampaundi ya kuhifadhia haidrojeni. Nimesoma kwamba ikivuka nyuzi 110 hivi za Selsiasi, upitishaji wake wa umeme unapanda karibu mara elfu kwa sababu ayoni zinaanza kutembea. Nimesoma pia kwamba vipimo vya NMR, yaani mwitiko wa viini vya atomu ndani ya uga wa sumaku, vinaonyesha atomu za haidrojeni zinacheza hata kwenye halijoto ya chumbani. Sasa kama kila kitu kinatembea, mbona haidrojeni yenyewe haitoki kwa wingi mpaka nyuzi 400 na zaidi? Mwenzangu ananishauri niiyeyushe tu, maana kwenye kimiminika usambaaji ni wa haraka na tatizo litakwisha. Nina gramu chache za unga wake, bomba la chuma lenye kizibo cha kukaza, na tanuri. Naweza kuanza na hivyo?"

JIBU: Ndugu, hapa umeuliza maswali matatu, na la mwisho ndilo nitakalolijibu kwanza kwa sababu haliwezi kusubiri. Hapana, usianze na bomba lililozibwa. Gramu moja ya LiBH4 ikitoa haidrojeni yake hadi kubaki lithiamu haidraidi na boroni, inazaa karibu lita 1.7 za gesi inapopimwa kwenye halijoto na shinikizo la kawaida. Itie gesi hiyo kwenye bomba dogo lililo moto, na kizibo chako ndicho kitakachoamua mambo yaishe vipi. Nitalirudia hili mwishoni, lakini unga uache ulipo kwanza.

Sasa tuje kwenye kinachokutatiza. Umeona taarifa mbili za mwendo, ukaziunganisha, ukategemea matokeo ya tatu. Kosa haliko kwenye taarifa zenyewe, zote mbili ni za kweli. Ila kila moja inamhusu mwenda mwingine, na haidrojeni kutoka kama gesi ni jambo linalodai mwendo wa aina ya tatu kabisa. Kila ukisoma kwamba "ayoni zinatembea" katika kampaundi hizi, jiulize kwanza: nani anayetembea, na anafika wapi?

Tuanze na muundo. LiBH4 ni chumvi. Ina ayoni chanya, Li+, na ayoni hasi, BH4-, ambayo ni boroni moja iliyozungukwa na haidrojeni nne katika umbo la piramidi ya nyuso nne. Kati ya lithiamu na BH4 kuna mvutano wa chaji, basi. Lakini ndani ya BH4, haidrojeni na boroni zimefungwa kwa elektroni wanazochangia, na kifungo hicho ni kigumu kuvunja. Haidrojeni ni asilimia 18.5 ya uzito wa chumvi hii, nayo ndiyo sababu watu wameing'ang'ania miaka yote hii licha ya ukaidi wake. Lakini haidrojeni yote hiyo imeshikwa na boroni. Hakuna hata chembe inayoelea huru kwenye mapengo ya fuwele.

Mwendo wa kwanza ulioutaja, ule ambao NMR inauona hata kwenye halijoto ya chumbani, ni BH4 kugeuka palepale ilipo. Piramidi inazunguka kwa kurukaruka, haidrojeni moja ikichukua nafasi ya nyingine, mamilioni kwa mamilioni ya mara kwa sekunde. NMR inausikia mwendo huo vizuri sana, kwa sababu kiini cha haidrojeni kinahisi uga wa sumaku wa majirani zake, na uga huo unabadilika kila piramidi inapogeuka. Lakini abiria anayejigeuza kwenye kiti chake hajasafiri. Boroni iko palepale, haidrojeni nne ni zilezile, kifungo hakikuguswa. Ukichora mstari wa umbali dhidi ya muda, mwendo huu unagota kwenye upana wa piramidi moja, na usambaaji wake ni sifuri.

Mwendo wa pili ni wa lithiamu, na huu ni usambaaji hasa. Kundi la Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, ndilo lililoripoti mwaka 2007 kwamba LiBH4 inapobadili muundo wa fuwele kwenye nyuzi 110 na kidogo, upitishaji wa umeme unaruka karibu ngazi tatu za kumi, yaani karibu mara elfu, ukafikia takriban 10^-3 S/cm (simensi kwa sentimita, kizio cha upitishaji) kwenye nyuzi 120. Kwenye halijoto ya chumbani ni kama 10^-8 tu, maana kabla ya ruko hilo huwa unapanda polepole kadiri joto linavyoongezeka. Nakushauri usiishie kuzisoma namba hizi. Zigeuze kuwa hatua na umbali, ndipo zitakapokueleza jambo.

Tumia mlinganyo wa Nernst na Einstein, unaounganisha upitishaji wa umeme na mgawo wa usambaaji D, yaani kipimo cha jinsi chembe zinavyohama haraka. Idadi ya lithiamu kwa ujazo unaipata kutoka uzito wa gramu 0.66 kwa sentimita ya ujazo, yaani kama 1.8 x 10^28 kwa mita ya ujazo. Kwenye nyuzi 120 unapata D ya takriban 1.2 x 10^-12 m²/s. Chukua ruko moja liwe na urefu wa nanomita 0.3, na utaona kila ayoni ya lithiamu inaruka mara milioni 80 hivi kwa sekunde. Rudia hesabu kwa halijoto ya chumbani: D ni kama 9 x 10^-18, na maruko ni 600 tu kwa sekunde. Lithiamu itakayovuka punje ya maikromita moja kwa sehemu ya saba ya sekunde ikiwa moto, ikipoa itahitaji saa tano. Ndiyo maana mstari wa lithiamu kwenye NMR ni mpana kwenye baridi na unasinyaa inapopata joto: ili majirani wachanganyike kuwa wastani, maruko lazima yazidi upana wa mstari wenyewe, ambao ni maelfu ya mizunguko kwa sekunde. Maruko 600 hayatoshi, milioni 80 yanatosha na kubaki.

Mbona lithiamu inafunguliwa ghafla hivyo? Kwenye muundo wa baridi, BH4 zimepangwa kwa mwelekeo maalumu na kila lithiamu imekaa kwenye shimo lenye kuta ndefu. Muundo wa moto, wenye pembe sita, unaziacha BH4 zigeuke ovyo na fuwele nzima kuwa laini, na lithiamu inapata mahali pa kutua karibu na pale ilipo. Kizingiti cha nishati kinakuwa kama elektrovolti 0.5. Hapa kweli mzunguko wa BH4 unaisaidia lithiamu kupita, lakini msaada huo hauigusi haidrojeni. Ukichanganya iodidi ya lithiamu ndani yake, muundo wa moto unabaki hata kwenye halijoto ya chumbani, na upitishaji pamoja nao. Wanaotengeneza betri za yabisi wanaipenda habari hii kwa sababu hiyohiyo: wao wanataka lithiamu iende na haidrojeni isitoke. Ungekuwa unatafuta elektroliti, ningekwambia umeshapata. Lakini wewe unatafuta gesi.

Basi nani anayebeba haidrojeni? BH4 nzima. Hiyo nayo huhama kutoka nafasi moja hadi nyingine katika muundo wa moto, lakini polepole mno ikilinganishwa na lithiamu, kwa kuwa ni kubwa na kila hatua inadai pengo tupu lililo wazi mbele yake. Tena hata ikihama, inahama na haidrojeni zake nne mkononi. Linganisha na paladiamu, ambayo Thomas Graham aligundua mwaka 1866 kwamba hunywa haidrojeni mara mamia ya ujazo wake. Pale molekuli ya gesi hupasuka juu ya uso wa metali, atomu mojamoja zinaingia kwenye mapengo, na kila moja inaruka peke yake bila kumburuta mtu. Kwa hiyo paladiamu inapumua haidrojeni ndani na nje kwenye halijoto ya chumbani. Kasoro yake ni uzito, maana haidrojeni haifiki hata asilimia moja ya mzigo wote. Bora ujue mapema kwamba mara nyingi kilicho chepesi kubeba kimefungwa imara, na kinachotoa kwa urahisi ni kizito.

Kwa LiBH4, kutoa gesi kunataka mambo mawili yatokee kwa mfuatano. Kwanza kifungo cha boroni na haidrojeni kivunjwe, haidrojeni mbili zikutane na ziondoke kama H2. Pili, na hili husahaulika, kilichobaki lazima kijipange upya: lithiamu itengeneze lithiamu haidraidi, LiH, na boroni zitafutane zijenge yabisi yake. Njiani boroni 12 hupenda kukusanyika kuwa kizimba cha B12H12, chenye haidrojeni 12 zilizobaki, na kizimba hicho ni kigumu kukivunja kuliko BH4 yenyewe. Lithiamu inaenda kokote itakako wakati wote huu, lakini boroni ndiyo inayochelewesha msafara. Hesabu ya kasi ya mmenyuko wa yabisi huamuliwa na mwenda mzito zaidi kati ya wale wanaohitajika, sio mwepesi. Ukitaka kurudisha haidrojeni baadaye, shida ni ileile kwa njia ya kurudi: LiH na boroni zilizokwisha kutengana zinadai nyuzi 600 hivi na shinikizo la zaidi ya baa 100.

Sasa ushauri wa mwenzako. Ana ukweli ndani yake, usimcheke. LiBH4 huyeyuka kwenye nyuzi 275 hadi 280, na kwenye kuyeyuka hali hubadilika kweli. Katika chumvi zilizoyeyuka D huwa karibu 10^-9 m²/s, yaani takriban mara elfu ya ile ya lithiamu kwenye yabisi moto. Umbali wa milimita moja ambao lithiamu ingeutembea kwa saa 40 kwenye yabisi ya nyuzi 120, kwenye kimiminika ni dakika tatu. Na safari hii hata BH4 inaogelea, haingoji pengo.

Anapokosea ni kufikiri kwamba kusafiri ndicho kizuizi pekee. Kuyeyuka kunavunja mpangilio wa fuwele, hakuvunji kifungo cha ndani ya BH4. Kuna ushahidi ulio wazi kuliko maelezo yangu: mchanganyiko wa LiBH4 na KBH4, borohaidraidi ya potasiamu, kwa uwiano unaofaa huyeyuka kwenye nyuzi 105 hivi. Ungekuwa umiminika ndio dawa, mchanganyiko huo ungemwaga gesi kwenye joto linalokaribia la maji kuchemka. Haufanyi hivyo. Unakaa kimiminika, ayoni zote zinaogelea, na haidrojeni imetulia ndani.

Kuna kero nyingine ambayo vitabu haviitilii uzito. Kimiminika hiki kinapoanza kutoa gesi hutoa povu. Mapovu hupanda, yakabeba chumvi hadi kwenye kuta na mabomba ya juu ya chombo, na sampuli uliyoipima chini inajikuta imepakwa mahali penye baridi ambapo haimenyuki tena. Halafu LiH haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 690, na boroni haiyeyuki mpaka zaidi ya 2,000, kwa hiyo bidhaa zinaganda ndani ya kimiminika kadiri kazi inavyoendelea. Umeanza na kimiminika, unamalizia na tope, kisha yabisi yenye matundu. D uliyoipima mwanzoni haikuhusu tena.

Je, kuna njia bora? Zipo, na kila moja ina bei yake. Ninayoiheshimu zaidi ni ya kubadilisha mwisho wa safari badala ya mwendo wake. Mwaka 2005 watafiti wa HRL Laboratories, Marekani, waliripoti LiBH4 iliyochanganywa na MgH2, haidraidi ya magnesi, ambapo boroni haibaki peke yake bali inaungana na magnesi kuwa MgB2. Nishati inayohitajika hushuka kwa kilojuli kama 25 kwa kila moli ya haidrojeni, na njia ya kurudi inakuwa rahisi zaidi. Lakini MgB2 ina uvivu wa kuanza, unaweza kukaa muda mrefu bila kuona chochote, na usipoacha shinikizo la haidrojeni la baa chache juu ya sampuli, magnesi inakwenda zake na boroni inarudia tabia ya zamani.

Njia ya pili ni kuinyonyesha LiBH4 iliyoyeyuka ndani ya kaboni yenye vijitundu vya nanomita kumi na kitu. Hapa kuyeyuka kunatumika kwa akili: ni njia ya kuingiza chumvi kwenye vijitundu. Ikishakuwa ndani, boroni haiwezi kupotelea mbali na wenzake, na umbali wote wa kusafiri umekatwa mapema. Kuna kazi iliyoonyesha kasi ya kutoa gesi kwenye nyuzi 300 ikipanda hadi mara 50 ya ile ya unga wa kawaida. Ila kaboni ina uzito wake na haina haidrojeni, kwa hiyo ile asilimia 18.5 iliyokuvutia inaliwa na chombo. Kwa shahada ya uzamili yenye muda mfupi, mimi ningechagua njia hii, kwa sababu inakupa jambo safi la kulinganisha: chumvi ileile, ndani na nje ya kijitundu. Vichocheo na kusaga unga kuwa laini zaidi navyo husaidia, lakini faida yake mara nyingi hupungua baada ya mizunguko michache kwa kuwa punje hukua tena.

Kwa kuwa utapima, nikutahadharishe na mitego miwili. Upitishaji wa umeme unaona chaji tu. Mzunguko wa BH4 hauonekani kwake kabisa, na Li+ na BH4- zikisafiri pamoja kwa jozi kwenye kimiminika, jozi hiyo haina chaji na haihesabiki. Ndiyo maana D ya NMR na D iliyotokana na umeme zinaweza kutofautiana bila yeyote kukosea. NMR ina faida ya kusikiliza lithiamu, boroni na haidrojeni kila moja kwa masafa yake, basi pima zote tatu. Kwenye kimiminika, D ya boroni na ya haidrojeni zikilingana, umethibitisha kwamba zinasafiri pamoja kama BH4.

Mtego wa pili uko kwenye njia ya NMR ya uga wa sumaku wenye mteremko, ambapo unatia alama mahali kila kiini kilipo, unasubiri, kisha unasoma kimehama kiasi gani. Ukisubiri milisekunde 20, ayoni yenye D ya 10^-9 inakuwa imehama maikromita 11 hivi, ambazo zinapimika vizuri. Lakini bomba la sampuli likiwa moto zaidi chini kuliko juu, kimiminika chote kinaanza kuzunguka chenyewe, na utakisoma kama usambaaji mkubwa wa ajabu. Rudia kipimo kwa muda wa kusubiri mfupi na mrefu. Usambaaji wa kweli unakupa D ileile. D ikipanda kadiri unavyosubiri, kuna mkondo. Kwenye unga wa yabisi ikishuka, ayoni zinagonga mipaka ya punje. Nimeona michoro mizuri sana ya Arrhenius, ile ya logi ya D dhidi ya kinyume cha halijoto, ambayo ilikuwa inapima mkondo wa joto tu, tena yenye mstari ulionyooka.

Nirudi kwenye unga wako. LiBH4 ikipata maji inazaa karibu lita 4.5 za haidrojeni kwa gramu pamoja na joto, na unyevu wa hewa unatosha kuichafua hata kama hutaona moto. Unga uliochafuliwa namna hiyo utakudanganya pia kwenye vipimo: utatoa gesi mapema, utafurahi, kumbe ni maji. Kwa hiyo kuupima na kuupakia kufanyike ndani ya kisanduku chenye glavu kilichojaa argoni, na kuupasha kufanyike kwenye mfumo wenye ujazo unaojulikana, kipima shinikizo, na vali ya usalama inayofunguka yenyewe kuelekea kwenye mfereji wa hewa chafu. Chuo chako kikiwa hakina mfumo wa aina hiyo, mwombe msimamizi akutafutie nafasi kwenye maabara inayofanya kazi za haidraidi, hata kwa majuma machache, na ukae na fundi wa pale anapopakia sampuli ya kwanza kabla hujapakia ya kwako. Anza na miligramu 100. Kama chombo cha unga ulichonacho kimewahi kufunguliwa kwenye hewa ya kawaida, au kifuniko kimevimba, usikifungue tena peke yako. Mwite afisa wa usalama wa kemikali wa idara akione hapohapo kilipo.